Wimbo wa Mlango

Siku ya arobaini ya mume wangu Ramadhani, wazee watatu waliocheza naye katika kikundi chetu cha maigizo walikaa barazani baada ya hitima, wameshiba pilau, wakaanza kuimba kwa sauti za chini nyimbo za mchezo wetu wa zamani. Mimi nilikuwa ndani, chumba cha mkono wa kushoto, nimekaa eda, na dirisha lilikuwa wazi. Waliimba wimbo wa kuondoka Ujiji, wakaimba wa kuvuka mto, wakaimba ule wa wapagazi kutua mizigo Tabora. Mmoja akasema, "Hakuna aliyewahi kucheza unyapara kama marehemu. Ukimwona na kile kiboko unasahau kwamba ni mchezo." Wenzake wakaitikia, wakaomba kahawa. Walikuwa wameruka wimbo mmoja, na sidhani kama waliuruka kwa makusudi. Haumo katika nakala iliyopigwa taipu. Haukuimbwa kwenye maonyesho yaliyotupa sifa, na hata wakati ule waliousikia mpaka mwisho walikuwa wachache. Nilibaki kwenye mkeka wangu nikiusikia wote kichwani, ubeti baada ya ubeti, na wanawake waliokuja kunifariji wakadhani nalia kwa ajili ya mume wangu. Nilikuwa nalia kwa ajili yake pia. Lakini mwaka ninaotaka kuueleza hapa ni ule wa wimbo, mwaka ambao watu wa vijijini walikuwa wanahamishwa kutoka kwenye mashamba yao na kukusanywa pamoja, nami nilikuwa na miaka ishirini.

Mchezo uliitwa Njia ya Pembe. Aliutunga Mwalimu Msabila, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwembamba aliyependa kusema kwamba sisi watu wa Tabora tunakanyaga kila siku njia iliyotengenezwa na nyayo za watu waliofungwa mizigo, na hatuna hata wimbo mmoja wa kuwakumbuka. Kwa hiyo alitunga mchezo mzima wa nyimbo. Maneno ya kusema yalikuwa machache, na kila jambo kubwa liliimbwa. Kapela, mkulima kijana, anakamatwa na msafara kuwa mpagazi. Nyapara wa msafara anachoma nyumba yake ili asiwe na pa kutorokea. Kapela anabeba pembe hadi pwani, anarudi, anakuta majivu, na mwishoni anawaongoza wapagazi wenzake kutupa mizigo. Tulifanyia mazoezi katika ghala la zamani karibu na stesheni, lililokuwa la ngozi na nta kabla halijaachwa. Sakafu ilikuwa imeshika mafuta, ukutani kuna alama za magunia, na jua la alasiri lilipopiga bati, harufu ya ngozi iliamka ikachanganyika na ya nta mpaka tukatoka mazoezini tukiwa tunanukia msafara. Mimi niliingia kama fundi. Nilikuwa na cherehani barazani, Mwalimu akaniletea kaniki nimshonee mavazi ya wapagazi. Nilipoyapeleka nikabaki kuangalia, na mpiga ngoma wao alipohamia mashamba ya tumbaku nikapewa ngoma, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuyajua mapigo yote.

Milembe alikuwa ndiye mke wa Kapela. Alitoka kijiji kimoja upande wa Usoke, akalelewa katika kwaya ya Wamoravian, na mjini alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika nyumba ya wageni. Tulipanga pamoja chumba kimoja chenye dirisha dogo la mbao. Jioni alikuwa anarudi na mikono iliyojikunja kwa maji, tunapika ugali na uyoga mkavu aliotumiwa na mama yake, au tunatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, na karanga tu tukichoka, na yeye anaimba huku amefumba mdomo. Hakuwa na sauti ya juu. Ilikuwa ya chini, nzito kidogo, ya mtu anayekuambia jambo akiwa karibu nawe. Ramadhani ndiye aliyekuwa nyapara. Alikuwa kibarua wa reli, mrefu, amepitia mafunzo ya mgambo na kuyapenda. Alitembea kama mtu anayekaguliwa. Nilimpenda kabla ya haya yote, na sitaki kujifanya kwamba sikumpenda.

Kiboko alichokitumia kilikuwa cha kweli. Alikipata kwa mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, ngozi ya kiboko iliyosokotwa, mpini wake mgumu kama chuma. Mwalimu alimwambia apige sakafu. Kwa wiki kadhaa alipiga sakafu. Kisha alasiri moja, katikati ya wimbo wa kuondoka Ujiji, kijana aliyemcheza Kapela alichelewa kuinua mzigo na Ramadhani akampiga mgongoni. Ngozi ilifunguka. Kijana alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akaanguka juu ya mzigo wake, na wimbo ukakatika. Ramadhani mwenyewe alikuwa anakitazama kiboko kana kwamba kimejipiga chenyewe. Mwalimu akasogea, akautazama mgongo, akasema polepole, "Siku ya onyesho lia hivyohivyo." Tulimsafisha jeraha kwa maji ya chumvi na mazoezi yakaendelea. Nalikumbuka jambo hilo kwa sababu hapo ndipo tulipoanza kuzoea. Baada ya siku ile hakuna aliyeshangaa tena kuona damu kwenye kaniki, na mimi niliyezishona niliona tu kwamba zinafulika.

Wimbo wa Mlango aliutunga Milembe. Katika maandishi ya Mwalimu, nyumba inapochomwa mke wa Kapela anaanguka na kulia, basi. Milembe alicheza hivyo mara mbili, mara ya tatu akainuka kutoka sakafuni na kujifuta vumbi.

"Mwalimu, huyu mwanamke analia tu."

"Nyumba yake inaungua, Milembe. Ulitaka acheke?"

"Nyumba ya mtu ikichomwa hatangulii kulia."

"Anatangulia kufanya nini?"

"Anaonyesha," akasema Milembe. "Anamwambia anayechoma, njoo uone."

Siku tatu baadaye alituimbia. Mke wa Kapela anafungua mlango, haufungi. Anamkaribisha nyapara ndani kama mgeni.

Nimefungua mlango, bwana, ingia utazame:
chungu hiki cha maji, kile cha mboga,
kigoda cha mama mkwe, mguu mmoja haupo,
mkeka wa kulalia, pembeni umefumuka.
Umeona, bwana? Sasa washa.

Nyimbo nyingine za mchezo zilikuwa za kuitikiana, zenye vigelegele na miguu ya kucheza. Huu haukuwa na kiitikio cha watu. Ngoma ilitembea tu, mapigo mawili mazito na moja jepesi, mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani, na sauti ikapita juu yake bila haraka. Kila ubeti ulikuwa pembe moja ya nyumba. Ulikuwa unajikuta unatembea nao ndani, unainama usijigonge kwenye dari, unaona mfuko wa mbegu uliotundikwa juu ya moshi. Halafu unafika kwenye lile neno "washa", na aliyelisema ni mwenye nyumba. Nimesikia nyimbo nyingi tangu wakati ule, na taarabu za mjini na kwaya za vijijini, na bado sijasikia wimbo uliomweka mtu mwenye silaha mahali pagumu namna ile kwa maneno ya kumkaribisha tu. Ramadhani, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama na kijinga cha moto mkononi akisubiri wimbo uishe, aliniambia siku ile kwamba hakujua aweke wapi macho yake.

Mwezi uliofuata Milembe aliletewa habari kwamba kijiji chao kimepewa siku za kuhama na baba yake amekataa. Tukapanda treni ya asubuhi, yeye na mimi, tukashuka Usoke, tukatembea saa mbili katika miombo. Moshi tuliuona kabla ya kijiji. Mwanzoni nilidhani ni mabani ya kukaushia tumbaku. Tulipotokea kwenye mashamba nikaona nyumba zinawaka moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, kama mtu anavyowasha mishumaa, na watu wamekaa chini karibu na lori na vyombo vyao miguuni. Vihenge vya mtama vilikuwa vinaungua kwa ndani, vinatoa mlio wa bisi. Bibi mmoja alikuwa amebebwa na mkeka wake, hakukubali kuuachia. Mgambo walikuwa kama kumi, wengine wanacheka kwa woga jinsi watu wanavyocheka wanapofanya jambo wasilolijua mwisho wake. Baba yake Milembe, Mzee Shija, alikuwa amesimama mlangoni kwake ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Ulikuwa mlango wa mninga aliouchonga mwenyewe, mwekundu, umeng'aa kwa kushikwa.

"Mzee, achia," mgambo aliyekuwa mbele yake alisema, akiwa ametugeuzia mgongo.

"Mwangaluka, mwanangu," Mzee Shija akamjibu, salamu ya asubuhi, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ingia kwanza tuongee."

Mgambo yule akainua rungu na kumpiga kwenye mkono, juu kidogo ya kifundo. Ulivunjika mara ya kwanza, tuliusikia, lakini mkono wa pili haukuachia, akaupiga na huo kwenye vidole mpaka ukaachia. Mzee Shija akakaa chini taratibu. Mgambo akageuka kuchukua kijinga kutoka kwa mwenzake na hapo tukamwona uso. Alikuwa Ramadhani. Alituona na yeye. Sijui tulitazamana muda gani. Najua kwamba wakati tunatazamana mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka na kijinga kikagusa nyasi za paa, na moto ukapanda. Milembe hakupiga kelele. Alimwendea baba yake, akaufunga mkono wake kwa kitambaa chake cha kichwa, akamsaidia kupanda lori. Mama yake alikuwa tayari juu, amekumbatia chungu. Mimi nilisimama palepale nikiwa na kikapu cha mkate tuliowapelekea, mpaka mmoja wa mgambo akaniuliza kama huo mkate una mwenyewe.

Jumatatu Ramadhani alikuja mazoezini kama kawaida. Kabla hatujaanza alinisogelea kwenye ngoma.

"Tuliambiwa ni nyumba tupu," akasema.

"Uliona kwamba si tupu."

"Niliona."

Tulipofika kwenye Wimbo wa Mlango, Milembe aliimba beti zote za zamani, kisha badala ya kunyamaza akaimba mwingine, akimtazama.

Mlango huu ni wa mninga, aliuchonga baba yangu,
mkono uliouchonga umekunjwa kama tawi,
alikuamkia, bwana, kabla hujamvunja,
alitaka uingie, akupishe kigoda.
Umeona, bwana? Sasa washa.

Ramadhani alikuwa amesimama na kijinga chake. Mchezo ulimtaka awashe nyumba ya mabua tuliyoijenga kwa mazoezi, kwa kuigiza tu. Kijinga kilimtoka mkononi. Akatoka nje ya ghala. Mwalimu Msabila hakuwa mjinga. Alimtazama Milembe, akanitazama mimi, akaelewa kwamba kuna jambo. Akasema ubeti huo ubaki. Naamini mpaka leo kwamba aliuacha kwa sababu ulikuwa mzuri, na hakufikiri zaidi ya hapo.

Aliyefikiri zaidi alikuwa afisa aliyekuja kuutazama mchezo kabla haujaonyeshwa hadharani. Alikaa kwenye kiti pekee tulichokuwa nacho, mtu mpole, suti yake ya mikono mifupi imepigwa pasi vizuri, akaangalia tangu mwanzo hadi mwisho bila kuandika chochote. Akapiga makofi. Kisha akaenda na Mwalimu nyuma ya pazia la magunia, mimi nikiwa upande wa pili nakunja kaniki, na hakushusha sauti.

"Ule wimbo wa mwanamke unamsema nani?"

"Nyapara wa misafara, Ndugu. Mambo ya zamani."

"Mlango wa mninga, mkono uliovunjwa. Hayo ni ya zamani?"

Afisa hakungoja jibu.

"Ndugu Mwalimu, nisikilize. Mimi mwenyewe nimeupenda. Nimetembea nao ndani ya ile nyumba. Ndiyo maana nasema uondoke. Ungekuwa mbaya ningeuacha."

"Mchezo utakuwa na tundu, Ndugu."

"Waongezee viboko hapo. Watu hawataliona."

Mara nyingi nimeyarudia maneno yale. Katika maisha yangu sijasikia mtu mwingine aliyeusifu wimbo ule kwa usahihi kama yule aliyeagiza ukatwe.

Tulionyesha mchezo siku ya sikukuu, alasiri, uwanjani, jukwaa la mbao limepakana na meza ya wageni. Watu walijaa mpaka kwenye matawi ya miti ya pembeni. Mwalimu alikuwa amekwisha kutuambia: Kapela akifungwa, viboko, kijinga kinakwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mabua, mke anaanguka, analia, basi. Milembe alitikisa kichwa kukubali. Mimi Mwalimu aliniita pembeni. "Zuhura, mambo yakienda vingine, piga ngoma kwa nguvu mpaka niinue mkono." Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Nilielewa alichokuwa anasema. Ningeweza kusema sikuelewa, kwa kuwa wote wa kikundi waliokuwepo wamekwisha kufa isipokuwa wale wazee watatu waliokuwa mbali nyuma ya jukwaa, lakini nilielewa.

Kapela alifungwa. Viboko vikawa vingi kuliko tulivyozoea na watu wakapiga mayowe ya kufurahia. Kisha Milembe akatoka, na badala ya kuanguka akafungua kile kimlango cha mabua, akasimama pembeni yake kama mtu anayepisha mgeni. Akaimba. Sikuwa nimeigusa ngoma, kwa hiyo ubeti wa kwanza aliuimba bila ngoma, na uwanja mzima ukatulia hivi kwamba nikasikia kamba ya bendera inagonga mlingoti wake. Ubeti wa pili. Wa tatu. Alipofika kwenye mninga nikaona watu waliokaa chini mbele, wengi wao wa kutoka vijijini, wanaacha kutafuna. Afisa akamtazama Mwalimu. Mwalimu akanitazama mimi. Nikainua vijiti nikapiga.

Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Milembe akapaza sauti, nami nikapiga zaidi. Ile sauti ya chini ikapanda mahali ambapo haikuwahi kupanda, ikapasuka, akaendelea nayo hivyohivyo ikiwa imepasuka. Mgambo wawili waliokuwa pembeni ya meza ya wageni wakaanza kupanda jukwaani, lakini Ramadhani aliwatangulia. Maisha yetu yote aliniambia kwamba aliwatangulia ili wasimguse wao. Huenda. Alimziba mdomo kwa kiganja. Milembe akamng'ata, nikaona damu inamchuruzika Ramadhani mkononi, na akamgeuzia kiboko akampiga kwa mpini kwenye taya. Nilikuwa naipiga ngoma na bado nilisikia. Milembe akayumba, akashika ule mlango wa mabua, akasema, "Umeona," midomo haikutani tena, neno likatoka limechanganyika na meno. Ramadhani akampiga mara ya pili, palepale, akaanguka.

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Watu waliruka. Walidhani ni mchezo, na ulikuwa mchezo bora kuliko wowote waliowahi kuona. Nyapara alikuwa nyapara kweli na mwanamke alivuja damu kweli. Wageni mezani nao wakapiga makofi. Mgambo wawili wakamburuta Milembe kwa miguu hadi nyuma ya turubai, na huko wakamkanyaga mbavu, niliona buti zao zikiinuka na kushuka chini ya ukingo wa turubai, na mimi mikono yangu ilikuwa bado inapiga kwa sababu Mwalimu alikuwa hajainua mkono. Alisahau. Alikuwa amesimama amejishika kichwa. Niliendelea kupiga mpaka wimbo wa kuondoka ulipoanza na wapagazi wakaingia wakiruka damu.

Hospitalini walimfunga taya kwa waya. Nilimpelekea uji mwepesi wenye asali ya Sikonge, wa kunywa kwa mrija, nikauweka kwenye kijimeza. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Alinitazama, kisha akageukia ukutani, nami nikakaa nikiutazama mgongo wake mpaka muuguzi akasema muda umekwisha. Nilikwenda siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Mama yake alikuwa amekuja kumchukua. Wiki ileile tulipelekwa Igalula na mchezo wetu. Msichana mwingine alianguka na kulia, viboko vikaongezwa, na hakuna aliyeliona tundu. Tukapelekwa kwingine, tukasifiwa, tukapewa vyeti. Mimi nilipiga ngoma katika maonyesho yale yote. Kila tulipofika pale, baada ya viboko na kabla ya moto, nilisikia jinsi mchezo unavyoruka kitu. Mchezo uliobaki unakuambia nyumba ilichomwa. Wimbo ulikuwa unakuambia ni nyumba gani. Bila wimbo, Kapela anaporudi na kulia juu ya majivu, analia juu ya majivu tu, na watazamaji wanamhurumia bila kujua alichopoteza. Baada ya muda yule afisa alihamishwa, kikundi kikafa, Mwalimu Msabila akaacha kutunga.

Ramadhani alirudisha rungu na sare za mgambo, akaacha. Alikuwa anakuja barazani kwangu baada ya kazi, anakaa kwenye benchi la wateja. Mkononi alikuwa na alama ya meno. Alasiri moja, nikiwa napinda upindo wa kanzu, akasema, "Zuhura, nataka mke ambaye sina la kumficha." Nikaendelea kukanyaga cherehani mpaka upindo ukaisha. Nilijua anachokisema, kwa kuwa hata mimi nisingeweza kulala karibu na mwanamume ambaye ingebidi nimweleze. Nikamjibu kwamba kwanza nitakwenda kwa Milembe.

Nilikwenda peke yangu. Kijiji kipya kilikuwa nyumba zilizopangwa mistari kama madawati, nyasi za mapaa bado mbichi. Milembe nilimkuta kwenye kivuli cha bani pamoja na wanawake kama kumi, wanafunga majani ya tumbaku kwenye fito, vidole vyeusi kwa utomvu. Taya lake lilipona likiwa limepinda, upande mmoja wa uso umeingia ndani. Mzee Shija alikuwa karibu, anachambua majani kwa mkono mmoja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za Tabora. Alikuwa hanijui, na Milembe hakumwambia mimi ni nani. Alinipa ugali na mlenda, akakaa mbele yangu nikila. Nilipomaliza nikamwambia kuhusu Ramadhani.

Aliondoa sahani kwanza. Maneno yalimtoka kwa shida, kama mtu anayeongea na punje mdomoni.

"Mtafaana," akasema.

"Milembe, ile ngoma."

"Nenda, Zuhura. Treni itakuacha."

Alirudi kwenye fito zake. Nikaaga, nikaufuata mstari wa nyumba mpaka mwisho, nikaingia kwenye njia ya porini. Hapo nikasikia wanawake wameanza kuimba nyuma yangu. Yeye hakuwa anaimba, asingeweza, lakini ulikuwa wimbo wake, wote, wanaujua kwa moyo: chungu cha maji, kigoda, mkeka uliofumuka, mlango wa mninga. Waliugonga mwendo wake kwa fito chini. Nilisimama. Baada ya ubeti wa mninga nilidhani umekwisha, wakaendelea na mwingine nisioujua.

Na huyu ni rafiki yangu, tulilala chumba kimoja,
nikiugua usiku aliniwekea maji,
leo ana vijiti viwili, mbele yake ngoma,
anajua ninachosema, anajua kuliko wote.
Umeniona, dada? Sasa piga.

Wale wanawake hawakunijua. Walikuwa wanaimba tu huku mikono inafunga majani, na mmoja alicheka kidogo katikati, labda fito ilimteleza. Waliurudia ubeti ule mara mbili. Stesheni ilikuwa mwendo wa saa mbili na jua lilikuwa limepinda. Niliusikiliza mpaka mwisho, nikaanza kutembea, mapigo mawili mazito na moja jepesi, na nilikuwa nimefika mbali kabla sijatambua kwamba miguu yangu inafuata fito zao.